Kodi ya Nyumba Isiyo na Mtu

Nina nyumba Uingereza. Nikisema hivyo hapa Songea, watu hunitazama miguuni kwanza, waone kama viatu vinalingana na maneno, halafu huamua kwamba nawafunga kamba. Siwalaumu. Mwanamke anayepanga foleni bombani Msamala na ndoo iliyopasuka mdomo, nyumba ya Uingereza aitoe wapi? Lakini ninayo. Ni nyumba ya matofali mekundu, imebanana na nyingine kwenye mstari mmoja mrefu, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini. Nyuma yake kuna kipande cha ardhi ambacho mume wangu alikiita bustani, na mimi nilikiita makaburi ya maharage, kwa sababu kila nilichopanda pale kilikufa kwa baridi.

Nilikwenda kule nikiwa muuguzi kijana, enzi zile madukani kwetu hamna sabuni wala sukari. Niliambiwa nakwenda kuongeza masomo kwa muda mfupi. Muda mfupi ukageuka kuwa maisha. Nikaajiriwa, nikaolewa na Mwingereza mmoja mpole, fundi wa mabomba, mtu wa kusema maneno machache na kuyarudia. Tukanunua ile nyumba kwa mkopo tukaulipa mpaka tukaumaliza. Mungu akatupa mtoto mmoja wa kike. Kisha mume wangu akaugua, akafariki. Mtoto alikuwa ameshamaliza chuo, akapata kazi mji mwingine, akachukua masanduku yake akaenda. Nikabaki mimi na ngazi inayolia kila ukikanyaga, hata kama hakuna wa kumwamsha.

Ndipo ikaja habari kwamba mama yangu ameanguka shambani, nyonga imeumia, hawezi tena kujihudumia. Mimi ni mtoto wake pekee. Nikafunga mlango, nikamwachia jirani ufunguo, nikapanda ndege. Nguo za baridi niliziacha zikining'inia kwenye kabati, kwa sababu nilijua nitarudi.

Niliukuta mji mwingine kabisa. Niliuacha mji wa kupanga foleni, nikaukuta mji wa kuuziana. Miaka ya ruksa ilikuwa imefika mpaka kusini. Stendi ilijaa mabasi ya watu binafsi yenye maandishi ya kujisifu, sokoni mitumba imerundikwa mpaka njia haipitiki, na kila aliyepata chumba cha mbele kwenye nyumba yake alikuwa ametoboa dirisha akauza soda. Nilifurahi, sikatai. Lakini nilikuwa mgeni kwetu. Wasichana niliosoma nao walikuwa mabibi, wengine walikuwa wamelala Matogoro upande wa makaburi, na vijana wa mtaani waliniamkia kwa heshima wasijue mimi ni nani.

Sasa, habari ya kodi. Kule nyumba ina kodi yake, ya kulipa halmashauri ya mji kila mwaka. Huangaliwa thamani ya nyumba na idadi ya watu wazima wanaoishi humo. Mtu mzima akiwa mmoja peke yake, anapunguziwa. Nyumba ikiwa tupu kabisa, mwenye nyumba anapunguziwa zaidi. Hili la mwisho naomba ulishike, maana ndilo lililonifanya niwe kichekesho cha mji.

Miaka yote mume wangu ndiye aliyeshughulika na mambo hayo. Alipofariki nilikuwa nakwenda mwenyewe dirishani, namkuta karani, tunaongea habari za mvua, nalipa, naondoka. Nilipokuwa Songea muda wa kulipa ukafika. Jirani yangu wa kule akaniambia kwa simu kwamba siku hizi hakuna haja ya dirisha, watu wanalipa kwa kompyuta, hata ukiwa wapi. Akanisomea anwani ya tovuti herufi moja moja, mimi naiandika nyuma ya kalenda ya parokia, na salio la simu linakatika.

Kulikuwa na kafe ya intaneti moja mjini, si mbali na soko kuu. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo aliyekuwa anauza makoti ya mitumba. Aliuza makoti mpaka akapata mtaji, akanunua kompyuta zilizotumika, akazipanga kwenye chumba kile kile. Chumba kilikuwa bado kinanuka ile dawa ya nondo, ya kufukuza wadudu wa nguo, inayokuja na marobota. Mtandao ulikuja kupitia waya wa simu, kwa kusitasita, na umeme wa mji ulikuwa wa mgao. Ukifika unakuta ameandika chaki mlangoni: UPO, au HAUPO. Hukujua ni umeme ama mtandao, na yeye mwenyewe alisema tofauti haina maana.

Siku ya kwanza nilivaa kitenge changu cha kanisani. Sijui kwa nini. Nadhani nilihisi kama nakwenda ugenini, kwenye ofisi ya watu wa kule, na sikutaka wanione nimechakaa. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikaingiza ile anwani, nikangoja. Ukurasa ulishuka kutoka juu kidogo kidogo: kwanza nembo ya mji, halafu picha ya daraja ninalolifahamu, daraja nililokuwa nalivuka nikitoka zamu ya asubuhi. Nikaanza kulia. Mwenye kafe akadhani mashine imenila pesa, akaja mbio.

"Vipi, Mama? Imegoma?"

"Haijagoma. Nimeona daraja."

Akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi mezani kwake. Toka siku hiyo jina langu pale likawa Mama Daraja.

Nikajaza namba ya nyumba, nikajaza jina. Likaja swali: watu wazima wangapi wanaishi katika nyumba hii? Nikaandika wawili. Sikufikiri hata kidogo. Sikuwa nadanganya, na sikuwa nimekosea kusoma. Nilijibu kama nilivyolelewa kujibu. Kwetu mtu akiuliza nyumba hii ina wangapi, haulizi nani alilala humo jana. Anauliza nyumba hii ni ya akina nani. Kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha huhesabiwa. Aliye jeshini huhesabiwa. Binti aliye masomoni huhesabiwa, na kitanda chake hakipewi mtu bila kuambiwa ni cha nani. Humtoi mtu kwenye hesabu ya nyumba mpaka aolewe kwa taratibu zote ama umzike. Kwa hiyo wawili: mimi na binti yangu. Nikaweka namba za kadi ya benki huku nimeukinga mkono kwa khanga, nikabonyeza. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikashukuru.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa mwepesi. Mama yangu alikuwa amekaa juani mbele ya nyumba, anachambua likolo, majani ya maboga, anayavua nyuzi kwa vidole vilivyojikunja. Nyonga ilikuwa imemwishia lakini ulimi ulikuwa mzima. Nikamwamkia, nikamweleza nilikotoka. Nilimweleza kwa urefu, nikidhani atashangaa kwamba mtu anaweza kukaa Songea akalipa kodi ya nyumba iliyo ng'ambo ya bahari. Hakushangazwa na lolote.

"Umewaandikisha wangapi?" akauliza.

"Wawili. Mimi na mjukuu wako."

"Vizuri. Mtoto asije akarudi akaambiwa hayumo." Akatupa nyuzi chini. "Mimi nilikulipia kichwa chako miaka yote."

Sikumwelewa. Akanieleza huku anaendelea na mboga zake, kama mtu anayesimulia bei ya chumvi. Siku zile kila mtu mzima alidaiwa kodi ya kichwa, na mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyejua kila nyumba ina vichwa vingapi. Mgambo walikuwa wakikaa njiani, ukikosa stakabadhi unalala ndani. Watu walikuwa wanakimbilia mashambani wakisikia wanakuja. Wengine waliwaficha watoto wao wakubwa, wakasema huyu bado mdogo, huyu mgeni tu. Mama yangu alifanya kinyume. Mjumbe alipomwambia, Bibi, huyu binti yako yuko Ulaya, tumfute, upumue, alimjibu kwamba aanze kumfuta yeye mama mzazi.

"Kwa hiyo ulikuwa unalipa viwili?"

"Changu na chako."

"Kwa pesa gani?"

"Mahindi. Mwaka mwingine maharage. Mwaka mmoja niliuza yule mbuzi." Akaniangalia. "Ulitaka nimwambie mjumbe kwamba sina mtoto?"

Nilikuwa nalipwa mshahara mzuri kule. Nilikuwa natuma pesa, si kwamba sikutuma, na yeye alizipokea akajengea choo. Lakini kichwa changu alikilipia kwa jembe lake, na hakuniambia mpaka siku ile, tena kwa sababu tu mazungumzo yalifika hapo. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kisu. Nilimpenda mama yangu siku ile kwa namna ambayo ilinitia uchungu.

Basi nikaendelea. Kila mwaka mvua zikielekea kukatika, mwaka wao wa fedha ukaanza, nami nikavaa kitenge nikaenda mjini. Wawili, nikabonyeza, mashine ikashukuru. Baada ya kulipa nilikuwa namwandikia binti yangu barua pepe palepale, muda wangu wa kulipia ukiwa bado haujaisha. Nilimwambia nyumba iko salama, nimelipa, chumba chako kipo. Majibu yalikuja baada ya siku nyingi, na yalikuwa mazuri, yenye adabu, ya mistari miwili. Asante mama. Natumaini hujambo. Nina kazi nyingi. Alikuwa mtoto mwema, naomba hilo lieleweke. Hatukugombana hata siku moja. Laiti tungegombana, kungekuwa na kitu cha kupatanishwa.

Mwenye kafe ndiye aliyegundua. Mwaka mmoja mtandao ulisumbua, nikamwita anisaidie, naye akasimama nyuma yangu akausoma ukurasa wote. Kiingereza alikuwa nacho; alifika kidato cha nne kabla ya makoti. Akasoma ile sehemu ya punguzo. Akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Mama, huko nyumbani kwako anakaa nani?"

"Mimi na mwanangu."

"Wewe si uko hapa?"

"Niko hapa."

"Na mwanao?"

"Yuko mji mwingine."

"Sasa hawa wawili uliowaandika ni majini?" Akaanza kucheka, akavuta kiti akakaa, maana kicheko kilimzidi. "Watu wa manispaa hapa wakija kudai kodi ya jengo, mimi mwenyewe najificha chooni. Wewe unaikimbilia kodi mpaka Ulaya! Na ungesema nyumba tupu ungelipa kiduchu. Mama Daraja, wewe unalipa zaidi ili usiwe peke yako!"

Alisema kwa utani tu. Ni mtani wangu, upande wa mama yake ni watu ambao sisi tunataniana nao mpaka misibani. Nikamrudishia palepale, nikamwambia kwamba mwanaume anayejificha chooni asimfundishe mtu kuhusu nyumba. Watu wa kwenye mashine nyingine wakacheka. Lakini maneno yake niliondoka nayo mpaka Msamala.

Habari ikazunguka sokoni, kama ilivyo ada. Mama mmoja anayeuza dagaa akanisimamisha akaniuliza kama ni kweli nawalipia Wazungu kodi ya watu wasiokuwepo. Nikamwuliza, wanao walioko Dar umewafuta? Akanipimia dagaa, akaongeza na nyongeza. Nikaona kumbe ananielewa vizuri sana.

Mama yangu alifariki msimu wa baridi, asubuhi moja ya ukungu ambao hukaa juu ya Songea mpaka saa nne. Alikuwa ameomba uji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameondoka. Mimi ni muuguzi, nimefumba macho ya watu wengi, lakini haya nilishindwa kuyafumba, nilimwita jirani. Walikuja watu wengi, wanakwaya, wanajumuiya, ndugu kutoka Madaba waliopanda basi la alfajiri wakiwa na gunia la mahindi na majembe yao. Nilimpigia binti yangu simu. Alilia. Alisema hawezi kuja, kazini wamembana na tiketi haipatikani kwa haraka hiyo, naye hakumjua sana bibi. Yote yalikuwa kweli. Watu msibani waliniuliza, mjukuu amefika? Nikawajibu yuko kazini, wakaitikia, wakatazama pembeni.

Matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, sufuria za kuazima zikarudishwa. Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa sijawahi kuishi peke yangu katika nyumba ile, na niliogopa, si mizimu, niliogopa ule utulivu wenyewe. Nilikuwa nikiongea kwa sauti jikoni kisha natahayari. Ningeweza kurudi Uingereza wakati huo. Hakuna kilichonizuia isipokuwa kwamba nilipofikiria kufungua ule mlango wenye rangi ya kijani, nilijiona nikiingia kwenye ukimya mwingine wa namna ile ile, tena wa baridi zaidi.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka halmashauri. Nilikwenda kafe kutazama tu kama binti yangu ameandika, nikakuta wao ndio walioandika. Ilikuwa barua ya upole kabisa. Walikuwa wanapitia nyumba zote za mtaa, mtumishi wao amegonga kwangu mara kadhaa hakuitikiwa, na amesikia kwamba nyumba haikaliwi kwa muda mrefu. Walisema huenda nimekuwa nalipa kuliko ninavyopaswa. Kama nyumba ni tupu, waliandika, tafadhali tujulishe tangu lini, tukurudishie kilichozidi. Wakamaliza kwa kunitakia siku njema.

Nilikasirika mno. Wangekuwa wananidai ningejua la kufanya; ningewalipa. Hawa walitaka kunirudishia. Nilisoma neno tupu mara nyingi, nikaliona kama tusi. Ndani ya nyumba ile kuna makoti yangu kabatini. Kuna buti za mume wangu chini ya ngazi. Kuna kitanda cha mwanangu na shuka zake za maua. Nyumba tupu ni ile isiyo na mwenyewe, na hiyo ilikuwa na wenyewe.

Nikampigia binti yangu. Mwenye kafe alikuwa na simu ya kupiga nje, kwenye kibanda cha mbao alichokitengeneza kona ile makoti yalipokuwa yanajaribiwa. Tuliongea Kiingereza, Kiswahili chake kiliishia kwenye shikamoo. Nikamsomea barua yote.

"Basi waambie ni tupu," akasema.

"Siyo tupu. Chumba chako kipo."

"Mama, mimi nina kwangu. Nina nyumba yangu huku, nailipia kodi mwenyewe."

"Najua. Lakini pale ni nyumbani."

Nilimsikia akivuta pumzi, na ilikuwa pumzi ya baba yake, ya mtu anayetafuta maneno machache. "Mama, sijalala pale tangu nilipohama baada ya baba kufariki. Siwezi. Nikipita ule mji naumwa. Mimi sitarudi kuishi pale. Tafadhali usiniandike tena."

"Nilikuwekea tu nafasi."

"Najua. Sikukuomba, mama."

Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kitu cha hatari mkononi. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na wewe je? Wewe unaishi wapi?"

Nilitaka kusema pale, kwenye nyumba yetu. Nilitaka kusema hapa, Songea, kwa mama. Lakini mama hayupo, na pale hakuna mtu. Nikamwambia kwamba muda wa simu unakwisha. Ulikuwa haujaisha.

Nikarudi kwenye mashine. Ile nafasi ya kujibu ilikuwa inaningoja. Nikafuta wawili. Nikaandika hakuna. Nilidhani ningemaliza hapo, kumbe baada ya hapo ukurasa ukafungua swali jingine chini yake: nyumba imekuwa tupu tangu tarehe gani?

Nilikaa pale mpaka mwenye kafe akaja kuangalia kama mtandao umekatika. Ningejibu nini? Kuna siku mume wangu alipotolewa kwenye machela, akagonga kiwiko kwenye nguzo ya ngazi, naye hakusikia. Kuna siku binti yangu alipopakia masanduku kwenye gari la rafiki yake, akanipungia mkono kupitia kioo cha nyuma, mimi nikarudi ndani nikaosha kikombe chake nikakianika. Baada ya siku hiyo mimi niliendelea kulala humo, nilipika, niliwasha taa, na kwa sheria nyumba ilikuwa na mtu mzima mmoja. Lakini kama ingekuwa mama yangu anaulizwa, angesema mtu mmoja anayezungusha ufunguo hajafanya nyumba. Nilitaka kuwaandikia hivyo. Nafasi ilikubali tarakimu tu.

Nikaandika siku niliyopanda ndege. Nikabonyeza.

Walifanya haraka, sijawahi kuona ofisi yenye haraka kama ile. Haikupita muda wakaandika kwamba wamekubali, wamerudisha kwenye akaunti yangu kila kilichozidi, cha mwaka ule na ile iliyotangulia. Miaka yote niliyomlipia mwanangu nafasi yake ilirudi kama chenji. Mama yangu hakurudishiwa hata punje ya mahindi kwa kichwa changu, na nakwambia kweli, nilimwonea wivu. Alichokilipia kilibaki kimelipwa, na mimi nilirudi nikakikuta. Changu kilifutika kwa mashine ya mitumba, kwenye chumba kinachonuka dawa ya nondo, nami ndiye niliyekifuta.

Nilimpigia binti yangu kumwarifu.

"Nimekutoa," nikamwambia.

"Asante, mama," akasema. "Asante sana." Na sauti yake ilikuwa nyepesi, yenye furaha, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa shule. Akaanza kunisimulia habari za kazi yake, za mwanaume mmoja anayempenda, za paka. Alinisimulia mambo mengi kuliko aliyoniandikia miaka yote. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi kweli, huku nimeishika nguzo ya kibanda kwa mkono wa pili.

Mvua zilipoelekea kukatika mwaka uliofuata, nilijikuta nimevaa kitenge. Hakukuwa na cha kulipa zaidi ya kitu kidogo, na hicho benki ilikuwa inakikata yenyewe. Halmashauri walikuwa wameniandikia kwamba sina hatua nyingine ya kuchukua. Nikaenda hivyo hivyo. Mlangoni pameandikwa UPO. Mwenye kafe alikuwa mezani anakula muhogo wa kuchoma, akaniona, akajifuta mikono.

"Karibu, Mama. Leo tunalipia nini?"

"Hakuna. Nipe saa moja tu."

Nilijiandaa kumjibu, maana hakuwahi kuniachia nafasi kama hiyo ipite bila neno, na mimi nilikuwa na langu tayari. Nilitamani anitanie. Hakunitania. Aliinuka, akanifutia kiti kwa kiganja, akaniwashia mashine iliyo dirishani, ile nzuri, akarudi kwenye muhogo wake bila kunitazama. Sikukaa. Nilimshukuru, nikamwambia nimekumbuka jambo nyumbani, nikatoka.

Nyumbani hakukuwa na jambo.